Keekee Isiyo na Uta

Kamusi ni kitabu ambacho wengi hukitumia na wachache sana hukihakiki. Riwaya ikitoka watu huijadili. Diwani ikitoka washairi hugombana juu ya vina na mizani. Lakini kamusi ikitoka hupokewa kama jedwali la kuzidisha, kana kwamba haikuandikwa na mtu. Mimi naihesabu kamusi kuwa ni maandishi kama maandishi mengine. Ina waandishi wake, ina mapenzi yake, ina mahali inapotazama kwa makini na mahali inapopita haraka. Katika kurasa hizi nataka kuzihakiki kamusi zetu kwa upande mmoja tu, nao ni namna zinavyoeleza zana za mikono. Upande huo sikuuchagua kwa utafiti. Uliniletea wenyewe kipande cha mti na chuma nilichokinunua Matogoro.

Matogoro, kwa asiyepajua, ni milima iliyo jirani na mji wa Songea, upande wa mashariki. Ndiko uanzako mto Ruvuma, kabla haujawa mpaka wetu na Msumbiji na kuteremka hadi Bahari ya Hindi. Chini ya milima kuna mitaa, kuna chuo cha ualimu, kuna barabara, na kando ya barabara kuna biashara za kila namna. Kijana mmoja hutandika turubai lake hapo na kupanga vyuma vya mitumba: spana zilizoliwa meno, tupa butu, pasi za mkaa, kufuli zisizo na funguo. Visivyouzika huvipeleka kwa wanunuzi wa skrepa, ambao hawaulizi kitu kiliitwaje. Wao hupima kilo.

Kitu chenyewe kilikuwa hivi. Kijiti kinene cha mti mgumu, urefu wake shubiri moja na nusu, rangi yake nyeusi kwa mafuta na jasho. Kiunoni kimebonyea, na pale kilipobonyea kinang'aa kama kitasa cha mlango. Mwisho wa chini kimechomekwa chuma bapa chenye umbo la ncha ya mkuki, kisichozidi upana wa ukucha. Juu kuna kichwa cha mti, kama kikombe kidogo cha kahawa kilichofunikwa, na kichwa hicho kimelegea kwa makusudi: ukikikamata kwa mkono mmoja na kukizungusha kijiti kwa mkono wa pili, kijiti kinazunguka na kichwa kinabaki kimetulia.

Kila aliyekiona alikuwa na neno la kusema. Mmoja alisema ni pia ya watoto. Mwingine, mfugaji wa nyuki, alisema ni cha kutobolea mizinga, na huyo hakuwa mbali na kweli. Mama mmoja alisema ni cha kusokotea uzi wa pamba. Muuzaji mwenyewe alikata shauri mapema. "Mzee, hii ni ya Mjerumani," akaniambia, na bei ikapanda papo hapo. Songea kila chuma ambacho mtu wa leo hakijui ni cha Mjerumani, na kila cha Mjerumani kina mali iliyofukiwa karibu yake. Nikampa shilingi 3,000, naye akanisihi kwamba nikiipata ramani nisimsahau.

Nilipofika nyumbani nilikiosha kwa mafuta ya taa na kukitazama kwenye mwanga. Chuma ndicho kilichozungumza kwanza. Visu vya kutobolea vya kiwandani vina mikunjo kama ya parafujo, navyo hukata vikizungushwa upande mmoja tu. Ukivirudisha nyuma havikati, vinatoka. Hiki kilikuwa bapa, na kingo zake zote mbili zilinolewa mbele na nyuma, nazo zimelika sawasawa. Maana yake chuma hiki kilikata kikienda kulia na kikata tena kikirudi kushoto. Sasa, ni kitu gani kinachokizungusha kijiti kulia na kushoto, kulia na kushoto, kwa miaka mingi hadi kiuno kikabonyea? Viganja vya mikono haviwezi, maana kichwa kile kilichotulia kinaonyesha kwamba mkono mmoja ulikuwa juu ukikandamiza. Imebaki kamba. Kamba iliyozungushwa mara moja kiunoni, na ncha zake mbili zimefungwa kwenye kitu kinachovutwa na kusukumwa kwa mkono wa pili. Kitu hicho ni uta. Ni maarifa ya zamani mno: katika kaburi la Rekhmire, waziri wa Misri ya kale, huko Thebes, kuna michoro ya maseremala wanaotoboa kwa uta, nayo ina umri wa zaidi ya miaka 3,400.

Basi nilijua kazi ya kitu, na nikajua uta wake umepotea. Nikageukia kamusi.

Ugumu wa kwanza si kosa la mtu. Kamusi imepangwa kwa alfabeti, nayo humtaka mtu aje na jina mkononi. Mimi nilikuja na kitu. Lakini tuseme msomaji ana subira, akaamua kupekua maneno yote ya useremala anayoyasikia kwa mafundi: randa, patasi, juba, tindo, tezo, jiriwa, timazi, keekee. Hapo ndipo ugumu wa pili unapoanza, na huu una wenyewe. Kamusi zetu za lugha moja zina desturi ya kueleza zana kwa kazi yake, na kazi yenyewe kwa kitenzi kimoja: kifaa cha kuchongea, kifaa cha kutobolea, kifaa cha kulainishia. Ni ndugu wa ile desturi nyingine inayowachosha wasomaji wote, ya kusema fulani ni aina ya samaki, fulani ni aina ya mti, kisha kunyamaza. Mvuvi akisoma hapo hapati alichokuwa hana, na asiye mvuvi hapati kitu kabisa. Ndivyo ilivyo kwa patasi na juba. Mtu ambaye hajapata kukaa karakana atatokaje humo akijua ipi ni ipi atakapoziona zimelala sakafuni?

Siandiki haya kwa dharau. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, kazi yake ilikuwa kusanifisha lugha kwa ajili ya shule na vitabu, na katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, ndiye aliyetuachia Kamusi ya Kiswahili ya mwaka 1935 na zile kamusi mbili za mwaka 1939, za Kiswahili na Kiingereza, zilizotoka baada ya kufa kwake. Kisha Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Kizazi changu chote cha walimu kiliegemea kitabu hicho, na aliyepata kufundisha bila hicho anajua thamani yake. Lakini ukitazama nasaba hii utaona kwamba kamusi zetu ni watoto wa darasa na ofisi. Zinajua tofauti ya hakimu na jaji. Karakanani huingia kwa haraka, na mlango zinauacha wazi ili zitoke upesi.

Kilichonisaidia kilikuwa kitabu kikongwe kuliko vyote nilivyovitaja. Edward Steere, Mwingereza wa misheni ya U.M.C.A., alifika Unguja mwaka 1864, na mwaka 1870 akatoa kitabu chake cha kujifunzia Kiswahili, chenye sarufi na orodha ndefu ya maneno. Chini ya keekee hakusema tu kwamba ni chombo cha kutobolea. Alitaja viungo vyake vinne, kila kimoja kwa jina: chuma ni keekee yenyewe, mti unaokishika chuma ni msukano, kishikio ambacho mti huzunguka ndani yake ni jivu, na uta ni uta. Basi. Ni mistari michache. Lakini kwa mistari hiyo nilikiweka kijiti changu mezani nikahesabu: keekee ipo, msukano upo, jivu lipo, uta hapana. Kitu kilichokuwa fumbo kikawa mgonjwa aliyekatwa kiungo kimoja, na kiungo chenyewe kinajulikana.

Kwa nini Steere aliweza? Maelezo yangu ni haya. Steere alikuwa mtu wa kazi za mikono. Aliendesha mtambo wa kupigia chapa Unguja, na jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa, liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873 yeye mwenyewe akiwa ndiye mkuu wa ujenzi. Mtu anayeshinda na maseremala husikia wanavyoitana zana: nipe jivu, msukano umepasuka, kaza uta. Majina ya viungo hayapatikani kwa kumwuliza mtu "hii inaitwaje" mara moja. Hupatikana kitu kinapoharibika na kutengenezwa mbele yako. Na alijua safari pia. Mwaka 1875 alitembea kutoka Lindi hadi Mwembe kwa Mataka, chifu wa Wayao, na katika kwenda huko aliuvuka Ruvuma, maji yaliyoanzia hapa Matogoro.

Hata hivyo sifa hizi zina mpaka. Steere aliwaandikia Waingereza wenzake, kwa Kiingereza, ili wapate kuagiza kazi. Fundi aliyempa majina yale manne hakutajwa. Na hakusema lile jambo ambalo mimi nililisoma kwenye chuma, kwamba keekee hukata kwenda na kurudi. Kwa hiyo hata kidahizo bora kuliko vyote nilivyovisoma kinamtaja mnyama viungo vyake bila kusema anatembeaje.

Huenda msomaji akauliza zana ya pwani ilifuata nini Ungoni. Swali hilo lenyewe linatokana na kamusi, zilizotuzoesha kuona kwamba maneno ya useremala na ya vyombo ni ya Unguja, Mombasa na Lamu tu. Njia ya misafara kutoka Kilwa kwenda Ziwa Nyasa ilipita nchi hizi. Mwishoni mwa karne ya 19 mfanyabiashara wa pwani Rashid bin Masoud alikuwa na makao yake Kikole, hapa hapa Ungoni. Na ng'ambo ya ziwa, Nkhotakota, Jumbe na warithi wake walikuwa na majahazi yaliyovusha pembe na watumwa. Jahazi halijengwi bila keekee. Mbao za mti mgumu ukizipigia msumari bila kuzitoboa kwanza zinapasuka, na jahazi lina misumari mingi sana. Palipofika jahazi, keekee ilikwisha fika. Baadaye misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, ilikuja na karakana zake na zana za Kizungu, na keekee ya uta ikapata mshindani wa jirani.

Nilitaka kuiona ikifanya kazi. Yuko mzee mmoja, fundi wa vyombo kutoka Kilwa Kivinje, ambaye nguvu zilipopungua aliletwa Songea kukaa kwa binti yake. Nilimpelekea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Hujambo?"

Nikamkabidhi bila kusema neno. Hakuipindua hata mara moja kuichungulia kama tulivyofanya sisi wote. Aliishika mahali pa kushikwa.

"Keekee. Uta wake uko wapi?"

Nilipomwambia haupo, alimtuma mjukuu wake kuleta fito na kamba ya katani. Aliipinda fito kidogo tu, akaifunga kamba ikiwa imelegea, jambo lililonishangaza, maana uta wa mshale hukazwa. Akaeleza: kamba ya keekee lazima ilegee kwanza, ipate kuzunguka msukano mara moja, ikishazunguka inajikaza yenyewe. Kisha akaweka kipande cha mninga chini ya wayo wake, akashika jivu kwa mkono wa kushoto, akavuta uta pole pole mara mbili tatu mpaka ncha ikapata makazi, ndipo akaongeza mwendo. Unga mwekundu ukatoka kwenda, ukatoka kurudi. Mzee wa miaka ile, ambaye kunyanyua ndoo ni kazi kwake, alipenya ubao wa mninga bila kuhema. Akaniambia jinsi msumari wa jahazi ulivyoviringishiwa pamba yenye mafuta kabla ya kuingizwa tunduni, ili maji yasipate njia, na kwamba tundu likiwa kubwa kupita kiasi kazi yote ni bure. Kuhusu majina, msukano alilijua. Jivu alilicheka. "Jivu liko jikoni, mwalimu," alisema. Wao waliita kishikio tu. Nililiandika hilo pia. Lugha ya mafundi ina lahaja zake na vizazi vyake, na kamusi yenye jina moja tu kwa kila kiungo ingekuwa imesema machache kuliko yaliyopo.

Walikuwapo wanachuo wawili wa ualimu, wapangaji wa nyumba hiyo. Mmoja aliniambia kwa adabu kwamba anavyojua yeye keekee ni ile ya umeme, inayopiga kelele. Na hivyo ndivyo mambo yalivyo sasa. Neno keekee limehamia kwenye kila kitobozi, cha kuzungusha kwa mkono na cha umeme, kama vile msasa, ambao ni mti wenye majani yanayokwaruza, ulivyoipa jina karatasi ya dukani, na majani yenyewe yakasahauliwa na wengi. Kuhama kwa maneno ni jambo la kawaida na mimi sililii. Ninachokilalamikia ni kwamba kidahizo kinachosema "kifaa cha kutobolea" hakiwezi hata kutambua kwamba uhamisho umetokea. Kilikuwa kweli kwa keekee ya uta, ni kweli kwa keekee ya umeme, na kitakuwa kweli kwa kitu kitakachokuja kesho. Zana ikielezwa kwa kazi yake peke yake, siku kazi ile inapochukuliwa na zana nyingine, ile ya kwanza inafutika kitabuni ingawa hakuna mhariri aliyefuta neno. Ndiyo sababu kitu kinaweza kulala juu ya turubai huko Matogoro, jina lake limechapishwa katika kamusi ya kila shule, na asiwepo mtu wa kuviunganisha. Bado kidogo kingekwenda kwenye kilo.

Wanakamusi wana jibu lao, nami nalifahamu: kamusi si ensaiklopidia, ikieleza kila zana kwa kirefu itakuwa na uzito wa gunia la mahindi. Ningelikubali jibu hilo kama Steere asingelikuwapo. Viungo vinne kwa mistari michache si kirefu. Wala sidai picha, ingawa picha ni nzuri. Picha ya keekee nzima isingemsaidia mtu aliyeshika keekee iliyokatwa uta. Nadai mambo matatu ambayo mwandishi hawezi kuyapata mezani pake: kitu kina viungo gani, kinashikwaje, na kinakwendaje. Ayapate kwa fundi, na upesi, kwa sababu mafundi wa aina ya mzee huyu wamebaki wachache, na bara wengi wao wanaishi kwa watoto wao, ambako hakuna mtu wa kuwauliza.

Ili nisiwe mtu wa kukosoa tu, nimeandika kidahizo changu. Keekee: zana ya mkono ya kutobolea mti, yenye chuma bapa kilichonolewa kingo zote mbili, kilichochomekwa katika mti wa mviringo uitwao msukano; juu yake kuna jivu au kishikio, ambacho hutulia mkononi msukano unapozunguka; huendeshwa kwa uta wenye kamba iliyolegea, inayozungushwa mara moja kiunoni mwa msukano, nayo hukata kwenda na kurudi; hutumiwa hasa na mafundi wa vyombo na milango; siku hizi pia kitobozi chochote, hata cha umeme.

Nilimsomea mzee. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba liongezwe jambo moja, kwamba ndani ya kishikio hutiwa mafuta kabla ya kuanza kazi, la sivyo mti huunguza mkono. Nimeliongeza baada ya maneno "msukano unapozunguka".